Funguo za Nyumba ya Mzee Anania

Ufunguo ulizunguka, mlango ukafunguka, na ndani moto ulikuwa unawaka. Hapo ndipo tulipomwacha Fidelia Jumamosi iliyopita, na baadhi yenu mmenilaumu kwa kumsimamisha mama wa watu mlangoni wiki nzima, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Haya, tumtue sasa.

"Mgeni," alisema mwanamke aliyeinama jikoni, hata kichwa hakuinua, "unatafuta nini ndani ya nyumba yangu?"

Fidelia alikuwa anayatazama mawe matatu yaliyobeba chungu. Aliyajua kama anavyojua meno yake mwenyewe. Ni mafiga aliyopewa na mama yake kule Yakobi, akayapandisha juu ya lori la magome ya miti ya miwati huku utingo akimcheka kwamba hata Makambako mawe yapo. Utingo alikuwa hajui kitu. Jiwe geni likipata moto hupasuka na kumwaga uji wa watoto, lakini jiwe lililokwisha kuzoea moto ni mali.

"Hayo mafiga ni yangu," akasema.

"Yako?" Mwanamke akainuka. Alikuwa mrefu, amejifunga kaniki kifuani, mwiko mkononi. "Nimeyakuta humu ndani."

"Umeyakuta kwa sababu mimi niliyapanga! Juma lililopita! Nikawasha moto, nikafunga mlango, nikaenda kumchukua mtoto. Kwetu mtu akikuta mafiga yamepangwa anajua nyumba ina mwenyewe, anageuka na kurudi alikotoka."

"Na kwetu Mawengi, mafiga ni ya nyumba, kama ukuta na paa. Mimi nikasema, loo, mwenye nyumba huyu ni mtu mwema, kanipangisha chumba na mafiga juu yake!"

"Kakupangisha nani?"

"Efraimu."

Fidelia aliutua mzigo chini kwa kishindo. Mtoto Noela akaamka mgongoni na kuanza kulia.

"Hata mimi kanipangisha Efraimu," akasema.

Walitazamana. Kila mmoja akatoa ufunguo wake, Fidelia kutoka kwenye uzi wa shingoni, mwenzake kutoka kwenye pindo la nguo. Wakaziweka funguo mbili juu ya kiganja kimoja. Zilifanana meno yote.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, nakueleza kwa kifupi, kisha tukimbie. Siku hizo ni za Mwingereza, na Makambako ni mji wa maduka machache, upepo mwingi na vyumba haba. Enoki, mume wa Fidelia, ni kibarua wa barabara. Kwa miaka miwili amelala kambini na wanaume wenzake, ambako wake hawaruhusiwi, na mkewe amelala Yakobi na barua zake. Sasa imetokea nafasi ya kulinda gereji ya malori hapo hapo mjini, kazi ya mtu aliyetulia na familia yake. Lakini nyapara wao, Bwana Hilari, ambaye filimbi yake haivui shingoni hata kanisani, ametoa sharti moja: "Jumatatu asubuhi nataka nione moshi wa nyumba yako kwa macho yangu. Nisipouona, utapanda lori kwenda kambi ya mbali, na huko hatujui mtarudi lini."

Fidelia alikuwa amehangaika mwezi mzima. Vyumba vya bati vilikuwa ghali, na wenyewe hawataki moto ndani, na katika baridi ya huku chumba kisicho na moto humlazi mtoto. Mmoja alimkataa kwa sababu ya mtoto, mwingine kwa sababu ya moshi, wa tatu alitaka kodi ya miezi sita mkononi. Ndipo akatokea Efraimu na nyumba hii ya nyasi, yenye vyumba viwili na jiko katikati, kwa kodi ambayo kibarua anaweza kuilipa na bado akala. Sasa unajua ni kwa nini moyo wake ulimdunda alipoziona zile funguo mbili.

Leo ilikuwa Jumamosi.

"Jina lako nani?" akauliza.

"Letisia. Mume wangu ni Agustino, yule anayeshona barazani kwa Mhindi. Tulikuwa tunalala chini ya cherehani, mwenzangu. Chini ya cherehani! Mimi humu sitoki."

"Wala mimi sitoki."

"Basi tutafanyaje?"

"Tumtafute Efraimu kwanza," Fidelia akasema, akimfunga Noela vizuri mgongoni. "Wewe ugomvi wetu uweke darini. Tutaushusha jioni."

Letisia akaepua chungu, akafunika makaa kwa majivu, na wakatoka.

Hawakumtafuta sana. Efraimu alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, katika mgahawa mkabala na kituo cha basi, kikombe cha chai mbele yake na andazi mkononi. Alikuwa kijana mtanashati mwenye kofia ya pama na baiskeli mpya, na alikuwa na maneno matamu kiasi kwamba wengine walisema chai yake haihitaji sukari. Alipowaona wanawake wawili wanavuka barabara bega kwa bega, andazi lilimkwama.

"Dada zangu!" akaita. "Kumbe mmeshafahamiana! Vizuri sana, vizuri sa..."

Hakuimaliza ile sana. Alirukia baiskeli na kukanyaga kwa nguvu zake zote.

Sasa, msomaji, kama hujafika Makambako huwezi kujua kosa alilofanya mtu yule. Alielekeza baiskeli upande upepo unakotoka. Na upepo wa Makambako si wa kupepea nguo, ni upepo wa kusukuma ng'ombe. Jumanne ya juma lile lile ulikuwa umeezua nyumba moja huko karibu na kambi ya barabara, paa likaokotwa bondeni.

Efraimu alikanyaga. Miguu ilizunguka, jasho likatoka, baiskeli ikasimama pale pale ikitetemeka. Kofia ikaruka. Letisia akaidaka bila hata kuharakisha mwendo, na Fidelia, aliyekuwa anatembea tu kama anayekwenda kisimani, akaishika keria ya baiskeli kwa mkono mmoja.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Za Efraimu ziliishia mbele ya duka la chumvi, na watu barazani wakapiga makofi.

"Nyumba ni ya nani kati yetu?" Fidelia akauliza.

"Dada yangu, shuka kwanza kwenye keria, tuongee kiungwana."

"Sijapanda. Nimeshika. Nyumba ni ya nani?"

Efraimu akatazama huku na huku. "Si yako," akasema polepole. "Wala si ya huyu."

"Ni yako?"

"Wala si yangu."

Ikatoka yote. Nyumba ilikuwa ya mjomba wake, Mzee Anania, fundi seremala aliyehamia Njombe kwa binti yake tangu mkewe alipofariki. Mzee hakumwachia Efraimu nyumba ya kupangisha. Alimwachia ufunguo na kazi moja: kila siku awashe moto ndani, nyasi zikauke na mchwa wakimbie, maana nyumba ya nyasi isiyopata moshi haimalizi masika mawili. Tena kwa kazi hiyo mjomba alimpa ujira.

"Lakini mimi kifua changu na moshi havipatani," Efraimu akasema kwa huruma, akijihurumia mwenyewe. "Nikasema, kwa nini nisiwaweke watu wanaojua kuwasha?"

Letisia alimkodolea macho. "Yaani wewe umelipwa ili uwashe moto, halafu ukatutoza sisi tukuwashie?"

"Ukilisema hivyo, dada, linasikika vibaya."

"Na funguo umechongesha ngapi?"

"Mbili. Mbili tu, naapa," akasema Efraimu, akijikuna sikio.

Fidelia hakucheka, ingawa barazani watu walikuwa hoi. Aliona Jumatatu inamjia mbio. "Mjomba wako tutampata wapi Njombe?"

Hapo Efraimu akasawijika. Alikuwa anatazama nyuma yao, kwenye barabara ya kusini, ambako vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta.

"Njombe hamtamkuta," akasema. "Alinitumia salamu jana kwa dereva. Yumo ndani ya basi lile."

Usione mwanamke mwenye mtoto mgongoni ukadhani hawezi kukimbia. Walikimbia wote watatu, Efraimu akisukuma baiskeli yake, na mara hii upepo ulikuwa nyuma yao ukawasukuma hadi mlangoni.

"Tokeni!" Efraimu akawa anawasihi. "Tokeni kidogo tu, mjifiche kwa jirani. Akikuta watu humu atanitia mikononi mwa jumbe. Akishaondoka mtarudi!"

Letisia tayari alikuwa ameanza kukunja mkeka wake. Fidelia alisimama katikati ya nyumba. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Lakini akafikiri: tukitoka kwa mlango huu, tutaingia kwa mlango upi? Milango yote alikwisha kuipigia hodi. Akainama, akafukua makaa, akatia kuni mbili kavu, akapuliza.

"Letisia, rudisha chungu."

"Una wazimu? Mwenye nyumba anakuja!"

"Ndiyo. Atukute tunapika. Mwizi hapiki ugali mchana kweupe mlango wazi."

Letisia akautupa mkeka chini, akatia unga kwenye maji. Fidelia akachambua majani ya maboga aliyokuja nayo. Walipishana jikoni bila kugongana, na hilo liliwashangaza wote wawili.

Mzee Anania alifika kwa miguu kutoka kituoni, mfupi, koti refu, sanduku la vifaa vya useremala begani. Hakuingia. Alisimama uani akitazama paa. Moshi mwembamba ulikuwa unapenya katikati ya nyasi na kuchukuliwa na upepo.

"Kamwene!" Fidelia akamwamkia kutoka ndani.

"Kamwene," mzee akaitikia, akishangaa. Kabla hajauliza neno, Efraimu alikuwa mbele yake amepiga magoti.

"Shikamoo mjomba! Unauona moshi? Kila siku nawasha, kila siku! Hawa akina mama ni wasaidizi tu, wanafagia."

"Marahaba." Mzee aliingia. Alinusa. Akanyoosha mkono na kupitisha kidole kwenye boriti, akakitazama kidole kilivyotoka na masizi mapya. Uso wake ukalegea. "Kumbe umefanya kazi. Mimi nilikudhania vibaya. Unawasha kwa kuni gani?"

"Kuni za... za moto, mjomba."

"Aha." Mzee akaweka sanduku chini. "Hebu epueni chungu hicho, akina mama. Zima moto huu, mwanangu, kisha uwashe tena. Nataka nione."

Nisikuchoshe na habari za mateso ya Efraimu. Aliondoa makaa, akarundika kuni mbichi za mwati zilizokuwa zimeegemezwa ukutani kungoja kukauka, akaweka jani juu, akapuliza upande wa majivu. Majivu yakampanda usoni. Akapuliza tena. Ukatoka moshi mzito uliojaza nyumba yote, wakatoka nje wanakohoa na kulia machozi, Noela akipiga chafya mgongoni kwa mama yake. Majirani wakadhani nyumba inaungua. Jirani mmoja, Oktavia, mama mnene mwenye roho nzuri, akaja mbio na ndoo, akaona kitu cheusi kinatoka mlangoni kinafuka, akakimwagia maji yote.

Kilikuwa Efraimu.

Hata Mzee Anania alicheka, lakini hakucheka sana. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akipangusa macho. "Semeni nyinyi sasa, akina mama. Semeni kweli."

Wakasema kweli. Letisia alisema haraka na kwa mikono, Fidelia polepole. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mpwa wake aliyekuwa anatetemeka kwa baridi, maji yanamchuruzika.

"Baiskeli hii ni ya fedha zao?"

Efraimu akaitikia kwa kichwa.

"Basi itauzwa, kila mtu arudishiwe haki yake. Na wewe utakwenda Kichiwa kunikatia nyasi za kuezekea hadi nitakaposema basi." Halafu akaongeza, bila ukali: "Lakini nyumba, wanangu, siwezi kuwapa. Nyumba hii haipangishwi. Sikuja kuikagua. Nimekuja kung'oa mlango."

"Kung'oa mlango?" Fidelia akauliza.

"Mlango na kitasa chake. Mbao nilizipasua mwenyewe, kitasa nilikifuata Iringa kwa miguu. Vilivyobaki ni udongo na nyasi, viache virudi ardhini. Mke wangu, Mama Dorika, alifia humu. Kila nikisikia nyumba ipo imesimama peke yake, silali. Ni afadhali isiwepo."

Akafungua sanduku, akatoa bisibisi, akapiga goti mbele ya bawaba ya chini.

Fidelia alihisi machozi yanamlenga, na safari hii hayakuwa ya moshi. Miaka miwili alikuwa mvumilivu, leo uvumilivu ulimwisha. Alimfungua Noela mgongoni, akamkalisha chini kando ya mzee.

"Baba, nisamehe," akasema. "Huyu ni mwanangu. Ana mwaka na miezi minne. Baba yake akija kwa likizo ya siku mbili, mtoto anamlilia kama anavyomlilia mgeni. Akianza kumzoea, siku zimekwisha. Kama Jumatatu sina moshi, mume wangu anapandishwa lori. Wewe umempoteza mwenzako kwa kifo, na hiyo ni kazi ya Mungu. Mimi wangu yuko hai, ninampoteza kwa kukosa nyumba."

Bisibisi ikasimama.

"Mambo makubwa haya hayaongelewi na njaa," Letisia akasema nyuma yao. Alikuwa ameshaingia, amewasha moto upya kwa kuni kavu, na ugali ulikuwa umeiva. "Ingieni. Ukishashiba, baba, ng'oa."

Mzee aliingia kwa sababu si adabu kukataa chakula. Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani. Letisia akafanya ishara ya msalaba, na mzee, Mlutheri wa siku nyingi, akamsubiri amalize, kisha akaomba ya kwake kwa sauti. Wakala. Nje upepo ulipiga mlango, ukaufungua mara mbili, mpaka Letisia akaufunga kwa ufunguo.

Mzee alikuwa anatazama mafiga.

"Nani aliyapanga?"

"Mimi, baba," Fidelia akasema.

"Kwa nini jiwe kubwa umeliweka upande huu?"

"Ndiko upepo unakopita, chini ya mlango. Kubwa linaukinga, moto usile kuni nyingi."

Mzee akameza tonge. "Mama Dorika alilipanga hapo hapo. Kwa miaka ishirini na sita. Nikamwambia, mke wangu, jiwe kubwa linakaa nyuma. Akaniambia, wewe jua mbao, mimi najua moto." Akacheka, na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. "Tangu nilipotoka sijala chakula humu. Nilidhani nitasikia uchungu. Nasikia joto."

Efraimu alizidi kujikunyata karibu na moto ule ule aliokuwa akiukimbia.

"Vyumba ni viwili," mzee akaendelea. "Nyinyi ni wawili. Kodi sitaki ya kutajirika. Mtanipa kila mwezi kitu cha kununulia chumvi na sabuni, na kila kiangazi waume zenu wataezeka upya mahali palipochakaa. Lakini nina sharti."

Wanawake wakaacha kula.

"Jiko ni hili moja. La pili sitaki, litachoma ukuta wangu. Mtapikia moto mmoja, na moto huo usizimike. Siku nitakayopita nikakuta jivu la baridi, nang'oa mlango."

Wanawake wawili, jiko moja! Oktavia, aliyekuwa anachungulia dirishani, aliguna akasema fahali wawili hawakai zizi moja. Fidelia akamtazama Letisia. Letisia akatazama mwiko.

"Tutaweza," wakasema pamoja.

"Kesho nani anaanza kupika?"

"Mimi!" wakasema tena pamoja, na mzee akacheka hadi kigoda kikayumba.

Ikapigwa hodi, Letisia akafungua, akaingia Enoki. Alikuwa ametoka kambini moja kwa moja, udongo mwekundu hadi magotini, uso wa mtu anayekuja kuambiwa habari mbaya. Letisia akafunga tena.

"Mama Noela, imekuwaje? Njiani nimeambiwa hapa kuna moto, kuna wizi, kuna..."

"Kaa ule, Baba Noela," Fidelia akasema, akajaribu kulisema kwa utulivu, akashindwa. "Tumepata nyumba! Tumepata! Hiki ndicho chumba chetu!"

Enoki alikaa chini kama aliyekatwa miguu. Noela akamtazama, akakunja uso tayari kulia. Kisha akakiona kifungo cha shati lake kinameta kwa moto, akakishika, akakivuta, akasahau kulia. Enoki hakupumua mpaka mtoto alipokitia mdomoni.

"Jumatatu nyapara aje tu," akasema. "Aje auone moshi wetu. Nitamkaribisha mwenyewe."

Alikuwa bado na tonge mkononi waliposikia sauti mlangoni.

Haikuwa hodi. Ilikuwa ufunguo.

Uliingia kwenye kitasa. Ukakwaruza, ukatafuta meno yake. Fidelia akashika shingoni: ufunguo wake upo. Letisia akashika pindo la nguo: upo. Mzee Anania akapapasa koti: wake upo. Polepole, wote watatu wakageuka kumtazama Efraimu.

Efraimu alikuwa anajikuna sikio.

"Ulisema mbili," Fidelia akanong'ona.

"Mbili ni zenu," Efraimu akajibu kwa sauti ndogo. "Huyu hamkuniuliza. Upepo ulimwezulia nyumba yake Jumanne, nikamwonea huruma."

Kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Kwanza kiliingia kitanda, kitanda cha kamba cha watu wawili, kikakwama mlangoni, hakiendi mbele wala nyuma, na kilipokwama ikawa hakuna wa kutoka. Nyuma yake zikasikika sauti za watoto wengi na kuku mmoja. Kisha kati ya miguu ya kitanda kikachungulia kifua kipana, na juu ya kifua hicho filimbi.

"Nyinyi!" ikanguruma sauti ambayo vibarua wote wa barabara waliijua hata usingizini. "Mnatafuta nini ndani ya nyumba yangu?"

Enoki aliruka na kusimama wima kama askari, tonge mkononi, mtoto kifungoni.

Fidelia akaongeza ukuni mmoja kwenye moto, akausogeza vizuri nyuma ya jiwe kubwa, kisha akainuka na kufuta mikono.

"Karibu, Bwana Nyapara," akasema. "Moshi wetu ulitaka kuuona Jumatatu, tumekuwashia leo."